Tundu la Kumi na Saba

Droo ya tisa kutoka juu, ile inayokwama.
Naivuta kwa mikono miwili, karatasi laini inapumua,
na hapo kipo: kitambaa cha kitani, shubiri mbili kwa mbili,
rangi ya maziwa yaliyolala.

Kadi imechapwa na mtu mwenye haraka:
Kazi ya mazoezi. Nyumba ya yatima, Friesland.
Mtoto hajulikani.

Hajulikani! Na jina lake lipo pembeni,
kwa uzi mwekundu, misalaba midogo kama mayai ya chawa:
H, Y, L, halafu pengo, halafu K, J, E,
na umri wake, kumi na mmoja,
na mwaka, 1781.
Aliyechapa kadi hakuinamisha shingo.

Walifundishwa hivi.
Bibi Doutzen, mwenye funguo za makabati kiunoni,
alikupa kitani kizima, kipya, kisicho na kosa.
Kisha akachukua mkasi.
Akakata mraba hapa, akakata mraba pale,
matundu kumi na sita, safu nne,
nawe umesimama, unatazama kitu kizima kikiharibiwa
kwa ajili ya elimu yako.
"Haya, yazibe. Nikipitisha kidole, nisihisi."

Nje mfereji umeganda.
Jiko la kuotea miguu ni la Bibi peke yake.
Kastabini ni ya mtu mzima; umeijaza sufi isidondoke.
Uzi wa wima kwanza, kisha uzi wa kulala:
juu moja, chini moja,
juu mbili, chini moja,
mshazari, jicho la bata, miraba,
hariri ya kijani na kahawia, ili Bibi aone
kila mahali sindano ilipopita na ilipopotea.
(Kwenye tundu la tano ilipotea. Ukafumua.
Alama bado ipo, kama goti lililokwaruzwa.)

Nilihesabu kwa lenzi: kumi na tano.
Nikarudia. Kumi na tano.
Nikazima taa ya juu, nikawasha ya ubavuni,
nikalaza jicho sambamba na meza,
na katika pembe ya chini, nyeupe juu ya nyeupe,
kivuli cha mraba kikainuka kidogo, kikalala tena.
Ah, Hylkje.
Nusu saa ulinizungusha.

Kwa mkono huo ulipata kazi, nadhani:
nyumba yenye ngazi za marumaru, dari lenye baridi,
na shuka za watu ambao hawakujua kamwe
kwamba shuka zao ziliwahi kuchanika.

Sasa hili la kumi na saba.
Hili halikukatwa na mkasi.
Wakati wa vita masanduku yalifichwa chini ya sakafu ya kanisa,
na panya, asiye na mwalimu, akala anapotaka.
Nami ndiye fundi niliyepewa tundu hili,
na kanuni yangu inakataza ufundi wako:
kipya kionekane kuwa kipya,
mgeni asidanganywe, uzi wa zamani usivutwe.
Nimepaka rangi kipande cha hariri nyembamba,
nikakosea makusudi, kivuli kimoja zaidi,
nikakiweka nyuma, kishikilie tu.
Bibi Doutzen angenirudisha benchi la mwisho.

Kadi nimeibadilisha. Hilo linaruhusiwa.

Alhamisi wakaja watoto wa shule, makoti yametota.
Wengi walikimbilia kitanda cha tajiri,
pazia lake la maua na ndege wa dhahabu.
Mmoja, Sietse, akabaki kwenye kioo changu, pua imegusa.
"Nani alikitoboa?"
Mwalimu wake, nikasema.
Akafikiri.
Akatazama kiwiko cha sweta lake,
akaingiza kidole tunduni, akakizungusha polepole,
akauliza kama nina uzi.